Fundi Aliyepima Piano kwa Chubwi za Nyavu

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Lodwar nikaambiwa kwamba fundi wa piano wa Kakuma amefariki, na amekwisha kuzikwa. Ni wasomaji wachache watakaomkumbuka. Alikuwa Mkongo aliyefika katika kambi hiyo ya wakimbizi mwishoni mwa miaka ya tisini, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kunusa mbao kabla ya kuzigusa. Nilikaa naye siku chache tu, nikiwa bado mwandishi wa habari wa mikoani, na sikuwa upande wa haki.

Kanisa moja mjini Lodwar lilikuwa limeachiwa piano kubwa, ile ya kulala yenye miguu mitatu, na wageni waliohama. Kamati ya kanisa ilitafuta mpigaji ikampata mwalimu wa nyimbo, mama mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan. Kibali chake cha kutoka Kakuma kilitegemea kazi hiyo. Akipita jaribio, angebaki Lodwar na wanawe wasome hapo. Akishindwa, angerudi kambini. Siku ya jaribio nilikuwepo. Wimbo ulianza vizuri, lakini vidole vyake vilipofika vitufe vya katikati ukavurugika: sauti nyingine zilitoka kwa kishindo, nyingine hazikutoka kabisa. Wanakamati wakanong'onezana. Nami nikaandika gazetini kwamba mikono yake haikuiweza kazi.

Kibali kilikuwa kimebakiza juma moja. Mwalimu aliomba nafasi ya pili akapewa, akamleta fundi huyo, jirani yake wa kambini. Fundi alivuta vitufe vyote na mtambo wake nje kama mtu anayevuta droo, akaviweka mezani, akanusa. "Hii inanuka gunia," akasema. Mlinzi wa kanisa, Mturkana wa makamo, alikiri bila wasiwasi. Kila mchana alitandaza gunia lililolowa juu ya vitufe, kama tunavyopoza maji ya kunywa, ili joto lisipasue mbao. "Mimi nilikuwa nainywesha kila siku," alisema.

"Papa, hata ngamia hainywake kila siku!" fundi akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. "Ngamia ingeshiba ingekataa. Hii ilinyamaza tu."

Vitambaa vidogo vya sufu vinavyoshikilia kila kitufe vilikuwa vimevimba, na pini zimeota kutu. Kitufe kimoja kilikuwa kizito kama mlango wa stoo, cha jirani chepesi. Fundi alikausha, akasugua pini moja moja, akaviminya vitambaa kwa koleo. Kisha akatoa mfukoni chubwi, vile vipande vya madini ya risasi ambavyo wavuvi wa Kalokol hufunga kwenye nyavu ili zizame. Alikuwa amezichonga hadi mizani ya duka la dawa ikazisoma sawasawa. Aliweka chubwi kwenye ncha ya kitufe. Kikishuka polepole, aliendelea na kingine. Kikigoma, alikitoa tena. Kazi hiyo ilichukua siku nne.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa ameanza kumhurumia mwalimu, alimwomba fundi avifanye vyepesi zaidi kidogo. "Hapana, mzee," alijibu. "Nikivilegeza kwa ajili yake, mutasema piano ilimubeba." Halafu akanigeukia. "Na wewe wa gazeti, siku ile ulisikia mikono ao ulisikia mbao?" Nilikuwa nimekaa hatua tano tu kutoka kwenye piano, na sikuinuka kubonyeza hata kitufe kimoja.

Siku ya jaribio la pili fundi aliwagawia wanakamati chubwi, kila mmoja akapima kitufe alichokitaka. Ndipo mwalimu akaketi, akapiga wimbo uleule tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama. "Kumbe anajua!" mwenyekiti akasema. Fundi alikuwa anakunja kitambaa chake. "Alijua tangu juma lililopita," akasema.

Tangu wakati huo nimeripoti habari za walimu walioitwa wavivu kwenye madarasa yasiyo na chaki, na za wauguzi walioshutumiwa katika zahanati zisizo na dawa. Tuna haraka ya kumtazama mtu, kwa sababu mtu anaonekana. Kitambaa kilichovimba ndani ya mbao hakionekani mpaka mtu afungue. Fundi huyu hakumtetea mwalimu kwa neno hata moja. Alisawazisha kila kitufe, akawaachia wengine wapime.

Mwalimu alibaki Lodwar. Niliandika masahihisho, yakapewa mistari mitatu chini ya ukurasa wa ndani. Baadaye niligundua kwamba habari yangu ya kwanza ilikuwa imekatwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kambini, na masahihisho hayakubandikwa na yeyote. Ndiyo maana nawaambia waandishi wanaoanza kazi: kabla hujaandika kwamba mtu ameshindwa, inuka kwenye kiti chako, nenda ukaguse kwa kidole chako mwenyewe kile alichopewa kufanyia kazi.