Sauti Niliyoiitikia Mpungani

Shule niliishia darasa la tatu, lakini mpunga niliujua. Miaka ile ya tisini, kila msimu wa kuvuna nilihamia shamba, ng'ambo ya mto kule Kivukoni, nikalala kwenye dungu langu juu ya nguzo. Mjane, peke yangu, na mpunga wangu uliwashinda wanaume wengi. Sioni haya kusema.

Jirani yangu alikuwa shemeji, kaka wa marehemu mume wangu. Matete yalificha dungu lake, kwa hiyo kulipokucha aliyeamka wa kwanza aliita "Huuu!" na mwenzake akaitikia "Huuu!" Maana yake nimeamka mzima. Usipojibiwa, unaacha kazi, unakwenda kumwangalia.

Jioni moja alipita kwangu akitetemeka.

"Shemeji, umekuwa kama kuku aliyenyeshewa," nikamtania.

"Homa tu. Nikifa uchukue jembe langu, lako limelika kama meno yako."

"Nenda zako, kalale!"

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, mkono wako huuoni. Ikaja "Huuu" kutoka upande wake. Nikaitikia, nikashika mundu. Siku ya pili vilevile, ila sauti ilikuwa laini, ndefu, kama inatoka ndani ya chungu. Nikasema homa imemkausha koo. Nikaitikia.

Siku ya tatu sauti ilikuja karibu. Nikaitikia, mabua yakavunjika mbele yangu, ukungu ukaachana.

Mbwa mwitu. Masikio ya duara kama ya popo, mwili mabaka meusi, meupe na ya njano, kama aliyemwagiwa masizi na chokaa. Mguu mmoja wa mbele ameukunja. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Akainamisha kichwa, akaita: "Huuu."



Matete yakaitikia. Wakatoka wengine sita au saba, majibwa makubwa yanalia kama vifaranga! Wakamlamba mdomo. Mmoja akatapika nyama mbichi mbele yake, yule kiguru akaila. Kisha akapiga chafya mmoja, akapiga mwingine, wote wakaondoka mbio.

Mjukuu wangu aliyefika chuo, wa kwanza katika ukoo wetu, anasema ndivyo walivyo: aliyepotezana na wenzake huita hivyo, na mgonjwa wao humletea chakula tumboni, na chafya ni ishara yao ya kuondoka. Mimi siku ile niliwaza moja tu. Siku tatu nimemwitikia mbwa. Shemeji yangu je?

Nilikimbia. Chini ya dungu lake nyayo zilizunguka nguzo zote. Juu, alikuwa amelala, midomo imepasuka, kibuyu cha maji kikavu.

"Umechelewa," akanong'ona. "Nilikuita, sauti haikutoka. Lakini nilikusikia unaitikia. Mwanzo nikasema, anakuja."

"Shemeji, sikuwa nakuitikia wewe."

"Najua. Mbwa huyo alikuwa hapa chini yangu. Akiita yeye, unaitika wewe."

Nilimpigia kelele mvuvi mmoja mtoni, tukamvusha shemeji kwa mtumbwi mpaka hospitali. Alipona, mifupa mitupu.

Msimu uliofuata aliniletea debe bovu na kipande cha chuma, naye akabaki na lake. Hakuita tena. Kukipambazuka anagonga lake mara tatu, nami langu mara tatu.

Asubuhi nyingine za ukungu ile "Huuu" ilikuja tena kutoka matete. Koo langu lilishazoea, lilitaka kujibu. Niliziba mdomo kwa kiganja, nikasubiri debe.