Maneno Niliyomtilia Mwanamke wa Sinema

Gari la sinema lilipofika Ilula nilikuwa nyumbani, likizo ya chuo kikuu, nikapewa kipaza sauti niwatafsirie watu. Katika picha ile mume alimzaba mkewe kofi, na mke akasema kwa Kiingereza kwamba anaondoka na hatarudi. Watu walikuwa wameanza kucheka. Nikataka wacheke zaidi, nikatangaza kwa sauti nyembamba, “Nisamehe mume wangu, nimeyataka mwenyewe!” Uwanja mzima ukalipuka.

Mwezi ule dada yangu alikuwa kwetu, amekimbia kipigo cha mumewe. Asubuhi iliyofuata shemeji alikuja kumchukua. Baba, ambaye mpaka jana yake alikuwa hajaamua kama amrudishe, akasema, “Mwanangu, hata Wazungu hupigwa na huomba radhi. Si umemsikia kaka yako?”

Dada akanigeukia. “Kaka, yule mama alisema hivyo kweli?”

Chuoni nabisha kila kitu, hata mahubiri. Pale, baba na shemeji wakinitazama, nilijibu, “Ndivyo alivyosema.”

Dada akaingia ndani kufungasha khanga zake. Shemeji akanishika mkono, akanishukuru kwa sinema nzuri.