Bahari Imechafuka

Kila nikipita soko la samaki hapa Nizwa, barafu inayeyuka na maji ya chumvi yananilowesha viatu, ile harufu hunipanda puani na mara moja nakuwa mtoto tena, ndani ya gari la Baba huko Sur, alfajiri, na Bibi hayupo.

Ngoja nianze na gari lenyewe. Baba alilipeleka Firq kwa fundi, viti vya nyuma vikang'olewa, yakatiwa magodoro na jiko la gesi, Mama akashona mapazia. Eti na sisi tutembee kama Wazungu, tulale popote! Mama alisema limekuwa banda la kuku lenye magurudumu. Bibi, mama yake Baba, mzaliwa wa Pemba, alipewa kiti cha mbele, na kila Baba alipotaka kulipita lori alimwambia, kawia ufike. Basi tukakawia kweli. Tulifika Sur wakati wa magharibi, tukaegesha karibu na boti za wavuvi, tukala nguru wa kukaanga kwa ndimu. Bibi hakula sana. Alikuwa akitazama maji tu.

Nilipoamka, mlango ulikuwa wazi na shuka lake limekunjwa. Sikuwa nimepata kumwona Baba akikimbia, tena pekupeku. Tulimkuta kwa wavuvi Waarabu waliokuwa wakishusha samaki. Kajitanda kanga juu ya abaya, kakumbatia kifurushi cha nguo, anawauliza kwa Kiswahili, na wao wanamtazama kwa adabu bila kufahamu hata neno. Akamgeukia Baba kama anamgeukia mpita njia.

"Mwanangu, meli ya Pemba inang'oa nanga saa ngapi? Mama yangu ananingoja."

Nilicheka, maana mama yake alikufa zamani. Bibi alikuwa na mzaha mwingi, nikadhani ndio huo. Baba hakucheka. Alimpokea kifurushi, akamshika mkono.

"Leo bahari imechafuka, Mama. Meli haziondoki."

Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana Baba kwa uongo hakuwa na msamaha, na sasa anausema yeye mwenyewe, waziwazi. Bibi akasema basi tungoje, akamfuata taratibu mpaka garini.

Tangu siku ile, hapa Nizwa, majabali kila upande, kila asubuhi Bibi aliuliza bahari ikoje. Sote tulijua la kujibu. Hata mimi, mkate mdomoni, nachelewa skuli: imechafuka, Bibi. Kifurushi kilikaa chini ya kitanda chake, kimefungwa vile vile. Baba akishamjibu alikwenda kukaa peke yake garini, bila kuliwasha.

Ikafika asubuhi ambayo Bibi hakuweza hata kunyanyua kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo. Nikafungua mdomo, Baba akanitangulia.

"Shwari, Mama. Shwari kabisa."

Nilimkasirikia mno. Nilidhani amechoka, jibu letu limemtoka akilini. Bibi akafumba macho, na adhuhuri haikumkuta. Ilibidi nikue, na mama yangu mwenyewe aanze kuzeeka, ndipo nikafahamu kwamba Baba hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anampa mama yake ruhusa ya kwenda.