Maji Yamepanda

Karatasi ilitoka buluu tena. Mama Matone aliigeuza upande wa pili, eti huenda huko nyuma kulikuwa na habari njema zaidi, kisha akaitupa chini na kuikanyaga kwa kisigino.

"Jana nimekushusha!" aliyafokea maji. "Juzi nimekushusha! Unataka nini tena, wewe?"

Maji hayakumjibu. Yaliendelea kuzunguka kwenye mabomba yake meupe juu ya paa bapa la nyumba, yakipita chini ya saladi zilizokuwa zimeanza kugeuka manjano, tena kuanzia majani machanga, yale yale aliyokuwa ameyategemea.

Mboga zake hazikujua udongo. Kila mche ulikaa kwenye tundu la bomba, mizizi ikining'inia ndani ya maji, na chakula chote kilikuwa humo humo majini, unga wa virutubisho ulioyeyushwa. Ungedhani kazi imeisha. Thubutu! Maji hayo yana tabia zake. Uchachu ukizidi, mizizi inaungua. Uchachu ukipungua, kipimo kinapanda, na hapo chakula kipo lakini mmea hauwezi kukila, kama mtu aliyewekewa sahani mezani huku mikono imefungwa nyuma ya kiti. Ndiyo maana ya zile karatasi za kupimia. Zikitoka kijani chenye umanjano, kuna usalama. Zikitoka buluu, ni balaa, na Mama Matone huchukua kichupa chake cha tindikali na kudondosha tone baada ya tone huku amebana pumzi. Kwa ajili ya matone hayo majirani walisahau kwamba yeye ni mshonaji, wakampa jina jipya.

Nyumbani aliyafupisha mambo yote hayo kwa maneno mawili. "Yamepanda" na "nimeyashusha." Kilichopanda hakukitaja kamwe. Yeye alijielewa, na hilo lilimtosha.

Ushauri hakukosa. Binti yake alimwambia kwa simu aachane na mateso, sokoni mboga zimejaa. Jirani wa chini alisema mimea inapenda muziki, akajitolea kuleta redio. Naye muuza virutubisho, alipopigiwa simu, alijitetea kabla hajashtakiwa.

"Virutubisho vyangu ni safi, mama. Labda ni hewa."

"Hewa gani?"

"Hewa ya paa."

Mama Matone alikata simu bila kuaga.

Mtu pekee ambaye hakumshauri ni mumewe. Huyo alipanda paani kila asubuhi, akaegemea tangi, akaupapasa ukingo wake kwa kiganja, akashuka. Tangi hilo la saruji alilijenga yeye mwenyewe, badala ya pipa kuukuu la plastiki lililokuwa likivuja. Alikuwa mwashi, na mwashi hasa, mpaka siku alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuumia bega. Bega lilipona kiasi. Simu za kazi hazikurudi. Watu waliokuwa wakimwita "fundi" kutoka ng'ambo ya barabara sasa walimwita "mzee" kwa sauti ya kuulizia mgonjwa. Hata mkewe, ambaye zamani alimwita fundi hasa akiwa anamgombeza, siku hizi alimwita "mume wangu" kwa upole uliowashangaza wote wawili. Miezi yote hiyo alikaa dirishani, akihesabu makosa ya ukuta wa jirani. Halafu akajenga tangi. Lilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aanguke, na lilipokamilika alikula akaomba aongezewe. Hakuweza hata kusubiri. Plasta ilipokauka tu, aliwasha pampu.

Sasa, siku hiyo ya karatasi iliyokanyagwa, dada mkubwa wa Mama Matone aliugua, ikabidi aende akamuuguze na kulala huko. Usiku ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi alipiga simu nyumbani.

"Karatasi ziko kwenye kopo, mume wangu. Maji yakipanda, yashushe. Basi."

"Yakipanda niyashushe. Nimeelewa."

Alielewa kweli. Mama Matone aliporudi kesho yake mchana, alimkuta paani, suruali imekunjwa mpaka magotini, amejaa furaha.

"Yalipanda," alisema. "Mvua iliyapandisha mpaka mdomoni kabisa. Nimeyashusha."

Mama Matone alilisogelea tangi. "Umeyashusha mpaka wapi?"

"Mpaka chini. Nikaona bora nisafishe kabisa. Nikajaza mapya ya bomba, na ndoo ile pale nikaijaza, ya akiba."

"Virutubisho vyangu!"

"Vipi?"

"Umemwaga virutubisho vyangu vyote! Mimi nikisema yamepanda nasema kipimo! Kipimo kimepanda!"

"Ulisema maji."

"Kipimo cha maji!"

"Hukusema kipimo. Ulisema maji yakipanda, yashushe. Yakapanda, nikayashusha. Mimi nimeoa mke, sijaoa fumbo."

Angekuwa mume wa zamani, angepata jibu lake. Lakini Mama Matone alimeza, akalainisha uso, akasema, "Haidhuru, mume wangu. Umefanya vizuri." Kisha akakaa juu ya tofali. Kumeza hasira nako ni kazi.

Hakukuwa na budi ila kuanza upya. Akachukua karatasi, akaichovya kwenye ndoo ya akiba ili ajue maji ya bomba yanaanzia wapi. Kijani. Vizuri. Akachovya nyingine kwenye tangi.

Buluu. Buluu nzito kuliko zote.

Alizishika karatasi mbili mkononi akazitazama kwa zamu. Ndani ya tangi hamkuwa na virutubisho. Hamkuwa na tindikali. Maji yalitoka bomba lile lile, siku ile ile, yakajazwa na mtu yule yule. Aliingiza mkono, akasugua ukuta wa ndani. Vidole vilirudi vinateleza, vina unga mweupe.

Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiipaka mafuta mikono ya mumewe iliyopasuliwa na saruji. Tangi jipya hutema chokaa ndani ya maji. Hujazwa, likamwagwa, likajazwa tena, likamwagwa tena, mpaka limalize kutema, kisha hupakwa rangi ya ndani. Jambo hilo kila mwashi analijua. Na huyu alilijua, ila furaha ilimtangulia.

Akafuta vidole kwenye khanga haraka haraka. Akilini akamwona mumewe tena pale dirishani, macho kwenye ukuta wa watu. Bora saladi zife.

"Vipi?" mumewe aliuliza. "Umegundua nini?"

"Ni hewa," alisema Mama Matone.

"Hewa?"

"Hewa ya paa."

Mumewe alimkazia macho. Akazichukua zile karatasi mkononi mwake, ya kijani na ya buluu. Akatazama ndoo. Akatazama tangi. Kisha akainama, akapitisha dole gumba ndani ya ukuta na kulileta karibu na jicho.

"Chokaa," alisema taratibu. "Sikulishibisha maji."

"Hukukusudia, mume wangu."

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi tu."

"Ukaniambia hewa." Sauti yake ilianza kutetemeka, na haikuwa huzuni. "Tangu nianguke, kila ninachofanya ni kizuri! Nimetia chumvi kwenye chai, mmekunywa mkasifu. Nimevaa shati kinyume, nimependeza. Nimekumwagia virutubisho vyako, nimefanya vizuri! Fundi akikosea anaambiwa! Anayefichwa ni mgonjwa. Mimi kwako ni nani?"

Hapo kila alichokimeza Mama Matone tangu siku ya jukwaa kikapanda kwa pamoja.

"Haya! Unataka kuambiwa? Tangi lako limeniulia saladi! Matone yangu yote, asubuhi hadi jioni, nayapoteza kwenye tangi lako! Wanafunzi wako mwenyewe ungewafukuza kwa kazi hii! Plasta haijakaa sawa, na wewe umeshawasha pampu! Na huo mfuniko umepinda, ndiyo maana mvua imeingia! Na bomba la kutolea maji umeliweka juu mno, uchafu unabaki chini, nachota kwa kikombe kama mwendawazimu!"

Mumewe alisikiliza, akitikisa kichwa kwa kila kosa kama mtu anayepewa vipimo vya kazi.

"Na nguzo hizi za chini?"

"Nguzo ziko sawa."

"Usinifurahishe."

"Ziko sawa, wewe! Zingekuwa mbovu ningesema. Kwani nakuogopa?"

Mumewe akageuka na kushuka ngazi haraka kuliko alivyoruhusiwa na daktari. Mama Matone alibaki na kifua kinapanda na kushuka, machozi yanamtoka, hajui ni ya hasira au ya nini. Huko chini alisikia sanduku la vifaa likiburutwa kutoka uvunguni, vyuma vikigongana, na mtu akilalamika peke yake.

"Mama Matone!" sauti ilipaa kutoka dirishani. "Mwiko wangu umeuweka wapi?"

"Uko pale pale ulipouacha, fundi!" alijibu kwa ukali, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akafungulia bomba la tangi maji yamwagike.