Feni ya Mashine ya Kahawa

Nyumbani kwetu Kakamega kila mtu hunywa chai. Mgonjwa wa kahawa ni mimi peke yangu. Mashine yangu ndogo ya espreso niliachiwa na jirani alipohama. Ilikuwa ikiunguza kahawa, mpaka fundi wa redio nyuma ya soko alipoifungia kisanduku cha kupimia joto, chenye namba nyekundu zinazoonyesha maji yamefika nyuzi ngapi. Tangu hapo kahawa ikatulia, na mimi na yule mzee tukazoeana. Aliniita mwalimu kwa kuwa nafundisha; mimi nilimwita mzee.

Baada ya miaka miwili namba zikaanza kurukaruka. Kikombe cha kwanza kilitoka vizuri, lakini kufika cha tatu kisanduku kilizimika kabisa. Jumamosi moja asubuhi niliibeba mashine nikampelekea.

Aliiwasha, akangoja, kisha akaigusa ubavuni na kuondoa mkono upesi.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema. "Kisanduku nilikiweka karibu sana na tangi. Kinapikwanga pamoja na maji. Hii inataka feni."

Tukaichomoa mashine, tukaiacha ipoe. Kwenye lundo la kompyuta zilizokufa alichagua feni ndogo, akanisomea maandishi yaliyokuwa mgongoni mwake, madogo kama mayai ya chawa. Kisha akanisukumia bisibisi.

"Fungua wewe."

Nilidhani ananitania, lakini nikafungua. Alikaa kwenye stuli, mikono ameibana katikati ya magoti, akinielekeza pa kukata tundu kwenye bati la nyuma. Umeme wa feni tuliupata kwenye chaja kuukuu. Ulipofika wakati wa kulehemu nyaya, nilimpa chuma cha moto. Alikipokea. Ncha yake ikaanza kucheza juu ya meza, ikagonga kopo la skrubu, ikakosa waya mara mbili. Akakirudisha polepole mahali pake.

"Leo macho yamenikataa," alisema.

Macho yale yale yaliyokuwa yamenisomea herufi ambazo mimi sikuziona! Nilielewa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakileta redio zao kutoka Malava na Matete kwa sababu ya mikono ile.

"Basi nifundishe, mzee," nilisema. "Siku nyingi nimetamani kuijua kazi hii."

Ulikuwa uongo, na nadhani alijua. Alinifundisha hata hivyo. Niliungua kidole, nikamwaga risasi iliyoyeyuka kwenye sketi, naye hakunikaripia hata mara moja.

Tulipowasha, feni ilizunguka vizuri, lakini namba zikagoma kwenye themanini na kitu. Kahawa iliyotoka ilikuwa chachu. Mzee aliweka kiganja nyuma ya mashine, akaangua kicheko.

"Tumeiweka kinyume! Inavuta upepo ndani, inapoza tangi. Feni itoe joto nje, mwalimu. Na mimi nilikuwa nakuangalia tu!"

Tukaigeuza. Namba zikapanda hadi tisini na tatu, zikakaa. Nilitengeneza vikombe vitano mfululizo, na kisanduku hakikuzimika. Yeye alikunywa kimoja chenye vijiko vitatu vya sukari, akikishika kwa mikono miwili.

"Si macho," alisema baadaye, bila kunitazama. "Ni mikono. Imekuwa hivi tangu mwaka jana. Hata mama wa nyumbani sijamwambia."

"Mwambie, mzee."

"Atasema nifunge duka."

"Pengine hatasema hivyo. Mwambie tu."

Wiki iliyofuata mkewe alinipigia simu. "Ameniambia," alisema. "Lakini mwalimu, mimi nimekuwa nikimjazia chai nusu kikombe tangu Krismasi, isimwagike. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Walienda hospitali pamoja. Dawa zimepunguza mtetemeko, ingawa si kiasi cha kumrudisha kwenye nyaya ndogo. Duka hakulifunga. Jumamosi nikipata nafasi hupita pale: yeye huitegea redio sikio, huniambia ubovu ulipo, nami hulehemu. Anasema viungo vyangu vya risasi vimenona mno, lakini vinashika.