Kijiko cha Kukwangulia Bomba

Saa mbili asubuhi. Mfuniko wa chemba umewekwa kando, kipimo cha gesi kimeteremshwa kwa kamba na kurudi bila kulia, ishara kwamba hewa ni salama. Fundi wa majitaka ambaye wenzake humwita Kijiko anashuka ngazi ya chuma, mkanda wa usalama kiunoni.

Huko chini hahangaiki na yanayopita miguuni. Anatazama juu. Anatoa kijiko cha mezani na kukwangua dari ya bomba la zege, nayo inamomonyoka kama chaki iliyolowa.

“Hili tuliambiwa litaishi miaka hamsini,” anasema. “Lina kumi na miwili tu, na limezeeka kuliko mimi.”

Kijiko ana miaka ishirini na miwili kazini. Zamani, kama mafundi wengi, aliamini bomba huliwa chini, maji yanakopita. Siku moja akapapasa sakafu ya bomba, akaikuta ngumu, akaandika kwamba ni zima. Miezi miwili baadaye dari ikamwangukia shemeji yake, fundi mwenzake. Anachechemea mpaka leo.

“Aliyeandika ni mimi,” anasema. “Linaniuma, siwezi kudanganya.”

Kumbe gesi ya uchafu hupanda, ikakutana na unyevu wa darini, ikawa tindikali. “Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tunayaogopa maji.”

Hapo ndipo udadisi ulipomkamata. Miaka sita iliyopita aliomba ruhusa, akaning’iniza vipande vinne kwa waya ndani ya chemba hii: zege tupu, zege lililopakwa lami, udongo wa kuchoma na plastiki. Kila mwezi huvikwangua.

“Nilinunua vijiko sita,” anasema mkewe nyumbani. “Ninavyo vitano, na hicho cha sita wala sikitaki tena.”

Leo anapanda na vipande vyote vinne. Mhandisi anamsubiri juu. Kesho kikao kinachagua mabomba mapya ya mtaa huu, na zege tupu ndilo linalopendekezwa.

“Hebu nipe hicho kijiko, baba,” mhandisi anasema.

Anakwangua. Zege linapukutika, lami inabanduka. Udongo na plastiki havina hata mkwaruzo. Anavifunga vyote kwenye gazeti.

“Hivi nakwenda navyo kikaoni.”

Kijiko atastaafu baada ya miaka miwili. Hana ombi kubwa.

“Atakayeshuka hapa baada yangu akwangue juu,” anasema, “kijiko kitoke kitupu.”