Mzinga wa Mwalimu Tabu

Nilikwenda Itigi kwa sababu darasa langu la Maarifa ya Jamii lilikuwa linasinzia. Nafundisha darasa la tano huku Ilongero. Nikiwauliza shughuli za jamii zetu, wanaimba jibu kama kasuku, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Nikamkumbuka Mwalimu Tabu, aliyenipokea huko Itigi nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Alikuwa na kona ya vitu darasani: mizinga ya nyuki, kinu, kengele za ng'ombe, taa ya reli. Watoto wake hawakusinzia. Sasa nilisikia amepata kiharusi na kona yake imeondolewa kupisha madawati. Nilitaka nijue alivyokuwa anafundisha kabla hajaondoka na ujuzi wake.

Alfajiri nilipanda bodaboda hadi Singida Mjini, nikala vumbi kabla ya chai. Basi lilichelewa. Tulipopita Manyoni, mashamba ya alizeti yaliisha, vikaanza vichaka vya Itigi, vikavu, vimesongamana hadi jicho halipati pa kupenya.

Itigi nilifika jioni. Mumewe, Baba Yona, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila mwalimu wako hasemi tena. Anasikia tu."

Vitu vya kona vilikuwa vimerundikwa sebuleni. Mwalimu Tabu alikaa katikati ya vitu hivyo, mkono wa kulia umelala pajani. Alinitambua, akalia. Nami nikalia.

Asubuhi nikajitia kusaidia. Nilikata karatasi, nikaandika kwa kalamu nene, nikabandika: MZINGA, KINU, TAA. Nikajiona fundi. Mwalimu Tabu akajikongoja hadi pale, akaanza kubandua karatasi zangu kwa mkono wa kushoto, moja moja, akizitupa chini. Nilikasirika, sifichi.

"Usichukie," Baba Yona aliniambia. "Hakuwahi kuandika jina hapo. Mtoto alikuwa anapewa kitu, anaenda nacho nyumbani, anawauliza babu na bibi. Akirudi ndiyo somo linaanza. Sasa ukishambandikia jina, atauliza nini?"

Mwalimu Tabu akanisukumia mzinga mdogo wa gogo, umechanjwa alama ubavuni. Niliuliza ni alama ya nani. Baba Yona hakujua, akamtazama mkewe. Midomo ya mama yule ikacheza, sauti isitoke. Akajaribu tena. Kisha akageukia ukutani, na hakunitazama hadi nilipoaga.

Njiani kurudi, utingo alitaka mzinga ukae kwenye buti. Nilikataa, nikaupakata hadi Singida, abiria wakinicheka kwamba nimebeba mtoto asiyelia.

Ilongero, niliwapa wanafunzi mzinga bila kusema neno. Hadija aliomba kwenda nao nyumbani. Kesho yake alirudi mbio: babu yake kasema kila mfuga nyuki huchanja alama yake ili asiibiwe, ila hii si ya watu wa huku kwetu, haijui. Darasa zima likaamka, kila mtu na lake. Kwa furaha nikatoka nje, nikapiga simu Itigi nimsimulie Mwalimu Tabu, maana kusikia anasikia.

"Tumemzika jana, mwanangu," Baba Yona akasema.

Nilirudi darasani nikiwa nimefuta uso.

"Mwalimu, kwa hiyo alama ni ya nani?" mmoja akauliza.

"Sijui. Aliyejua amefariki."

Hadija akashika kalamu. "Sasa tuandike nini?"

"Andikeni swali," nikasema. "Na leo jioni mkawaulize wazee wenu mengine, maadamu wangali wanasema."